Nambari Tunazo

Karatasi yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja, na wino wake umeanza kufifia. Juu ina tarehe ya Juni 2021 na umri wa mjomba wangu, miaka 63. Chini yake kuna mistari minne. CRP: 148. D-dimer: 2.1. Feritini: 1,240. Limfosaiti: 0.6. Pembeni mwa kila nambari kuna mshale mdogo. Mitatu imeelekea juu, mmoja umeelekea chini.

Picha ya karatasi hiyo ilinifikia kwa simu mwendo wa saa mbili usiku. Mimi nilikuwa Nairobi. Wao walikuwa kwenye hospitali moja huko magharibi, wiki zile korona ilipopamba moto kando ya Ziwa na serikali ikatangaza kafyu ya kuanzia saa moja jioni katika kaunti 13. Mimi ndiye niliyelipia vipimo. Sh14,000, kwa simu, bila kusita. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba damu inaweza kutabiri nani atazidiwa na nani atarudi nyumbani, nikashikilia kwamba lazima apimwe. Basi akapimwa. Binamu yangu akamtafuta daktari wa zamu, kijana ambaye macho yake yalionyesha hajalala, akamkabidhi ile karatasi. Daktari akaisoma, akaikunja mara mbili, akamrudishia.

"Nambari tunazo," akasema. "Hewa ndiyo hatuna."

Mitungi ya oksijeni ilikuwa imekwisha tangu alasiri.

Nimeishi na maneno hayo miaka kadhaa sasa. Mimi si daktari, lakini nimesoma kila nilichoweza kupata kuhusu nambari zile nne, hasa ile ya kwanza. Nilitaka kujua zilitoka wapi. Nani alikuwa wa kwanza kuiuliza damu kuhusu kesho ya mgonjwa, na alitarajia jibu gani?

*

Kabla ya maabara kulikuwa na bakuli. Kwa karne nyingi, tokea enzi za Wagiriki, madaktari wa Ulaya walitibu homa kwa kumtoa mgonjwa damu. Tiba hiyo iliua wengi kuliko iliyowaponya, lakini iliwapa madaktari kitu kimoja: kila siku walikuwa na damu mbele yao, wakiitazama inavyoganda. Wenye macho makini waliona tofauti. Damu ya mtu mwenye afya iliganda upesi ikawa nyekundu kote. Damu ya mwenye homa kali, hasa wa nimonia, ilikuwa na mwendo mwingine: wekundu ulizama chini kabla ya damu kuganda, na juu ukabaki utando wa rangi ya manjano hafifu, kama malai juu ya maziwa yaliyochemshwa yakaachwa yapoe.

John Hunter, daktari mpasuaji wa London aliyefariki mwaka 1793, aliuchunguza utando huo kwa makini. Kitabu chake kuhusu damu na mchochota kilichapishwa mwaka uliofuata. Mchochota ndilo neno la wataalamu kwa ile hali ya mwili kuwaka unapojitetea: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Utando ule ulikuwa habari ya mchochota, imeandikwa ndani ya bakuli.

Na madaktari waliifanyia nini habari hiyo? Wengi walipouona utando, waliamua mgonjwa atolewe damu zaidi. Ishara ilikuwa ya kweli. Kilichofuata ndicho kilichomaliza mgonjwa. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilikiweka kitabu chini, nikaenda kusimama dirishani.

*

Mwaka 1897, daktari Mpolandi aliyeitwa Edmund Biernacki aliitoa ishara ile kwenye bakuli akaitia kwenye kioo. Aliichanganya damu na dawa ya kuizuia isigande, akaisimamisha ndani ya mrija mwembamba, akapima mwendo wa chembe nyekundu zinavyozama. Za mgonjwa zilizama haraka kuliko za mtu mzima wa afya. Aliona pia kwamba jambo hilo lilihusiana na fibrinojeni, protini inayosaidia damu kuganda.

Maelezo yake ni rahisi kuyaona akilini. Chembe nyekundu kwa kawaida husukumana, kila moja na nafasi yake, kama abiria wasiofahamiana. Mwili ukiwaka, ini humwaga fibrinojeni nyingi kwenye damu, na chembe zile huanza kushikana, moja juu ya nyingine, kama sahani zilizopangwa baada ya karamu. Rundo huwa zito kuliko sahani moja. Huzama upesi.

Kazi ya Biernacki haikusikika sana nje ya kwao. Mwaka 1918 Robin Fåhraeus wa Uswidi aliifikia kwa njia yake mwenyewe, na wala hakuwa akitafuta ugonjwa. Alitaka kipimo cha mimba. Aliona damu ya wajawazito ikizama haraka, akafurahi, halafu akagundua kwamba ya wagonjwa wengi nayo huzama vivyo hivyo. Kipimo cha mimba kikamponyoka, akabaki na kipimo cha mchochota. Mwaka 1921 mwenzake Alf Westergren akakitumia kwa wagonjwa wa kifua kikuu na kuweka utaratibu ambao bado upo: mrija mrefu, saa moja, hesabu ya milimita. Ukienda leo maabara yoyote ya mjini Kenya ukaambiwa upimwe ESR, ni kipimo hicho unachopimwa.

Lakini hebu rudi kwenye mwaka wenyewe, 1918. Wakati Fåhraeus anachungulia mirija yake, homa ya mafua ilikuwa ikizunguka dunia kwa meli. Huku kwetu iliingia kwa bandari ya Mombasa katika miezi ya mwisho ya mwaka huo, ikapanda bara kwa reli. Iliwakuta watu waliokwisha kuchoshwa na vita. Iliwakuta wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Nairobi kama Kariokor, wakirudi makwao wamekonda. Iliikuta njaa. Watu walikufa kwa maelfu mengi, na wengi wao hawakuandikwa popote.

Hakuna aliyewatoa damu kuitazama. Hata kama angetokea wa kufanya hivyo, wakati huo sayansi haikuwa imemwona hata adui mwenyewe. Madaktari wengi waliamini kwamba mafua yale yaliletwa na bakteria. Virusi vya mafua ya binadamu havikutengwa hadi mwaka 1933, pale London, kwa msaada wa wanyama wadogo wa jamii ya kicheche ambao huugua mafua kama sisi.

*

Nambari ya kwanza kwenye karatasi ya mjomba ilizaliwa New York, katika hospitali ya Taasisi ya Rockefeller, kwenye maabara ya Oswald Avery. Huko walikuwa wakipambana na nimonia iletwayo na bakteria aitwaye pnumokokasi. Enzi hizo hapakuwa na viuavijasumu. Mgonjwa wa nimonia alilala akiwaka homa kwa siku kama saba hivi, kisha ikafika saa ya maamuzi: ama homa ilikatika ghafla akatokwa jasho na kuomba chakula, ama alikufa. Kazi ya daktari ilikuwa zaidi kukaa na kungoja.

Mwaka 1930, William Tillett na Thomas Francis waliripoti jambo la ajabu. Walikuwa wamemchambua yule bakteria sehemu kwa sehemu, na moja ya sehemu hizo waliipa herufi C. Walipoichanganya na majimaji ya damu ya wagonjwa, walitarajia kuona kingamwili, askari wa mwili ambao huongezeka kadiri mgonjwa anavyopona. Wakaona kinyume chake. Damu iliitikia C wakati mgonjwa yuko hoi, na homa ilipokatika mwitikio nao ukatoweka. Tena wagonjwa wengine ambao hawakuwa na pnumokokasi kabisa, damu yao nayo iliitikia.

Kwa hiyo hakuwa askari wa vita vile. Alikuwa mpiga mbiu, apigaye kwa vita vyovyote. Mwaka 1941 Avery na wenzake walionyesha kwamba ni protini, na ikapewa jina la kueleza tu ilichofanya kwenye mrija: protini inayoitikia C. Herufi zake kwa Kiingereza ndizo hizo, CRP.

Kuna jambo moja katika habari hii lililonisimamisha. Thomas Francis hakubaki na nimonia. Mwaka 1934 alitenga virusi vya mafua kutoka kwa wagonjwa wa Puerto Rico, na mwaka 1940 akatambua aina ya pili ya mafua, ile iitwayo B. Maisha yake yote yaliyobaki aliyatoa kwa virusi na chanjo. Mtu yuleyule aliyekuwa mmoja wa wawili walioisikia mbiu ya damu kwa mara ya kwanza ndiye aliyekwenda kuwasaka virusi vya njia ya hewa. Ila kuziunganisha kazi hizo mbili, yaani kuitumia mbiu ile kutabiri ukali wa ugonjwa wa virusi, hilo lilisubiri miongo mingi.

*

Lilisubiri kwa sababu. Madaktari walipozoea kupima CRP walijifunza kanuni ya haraka: bakteria huipandisha sana, virusi huipandisha kidogo. Mtoto ana homa na kikohozi; CRP ikiwa 12, pengine ni mafua tu, mpe maji na subira. Ikiwa 150, tafuta bakteria. Kwa mtu mwenye afya huwa chini ya miligramu 10 kwa lita, mara nyingi chini ya 5. Mwili ukishtuka huanza kupanda ndani ya saa chache, hufika kileleni baada ya siku mbili hivi, na chanzo kikizimwa hupungua kwa nusu karibu kila saa 19. Kuna vipimo vichache vinavyotembea na ugonjwa kwa ukaribu huo.

Amri ya kuitengeneza hutoka mbali. Mwaka 1986, watafiti wa Osaka, Japani, akiwemo Tadamitsu Kishimoto na Toshio Hirano, walitambua jeni la mjumbe ambaye leo anaitwa interlukini-6. Chembe za kinga zikigundua hatari humtuma mjumbe huyo, naye akifika kwenye ini hulifanya lifyatue CRP. Kwa hiyo anayesoma CRP anasoma mwangwi wa sauti ya interlukini.

Halafu ikaja korona, na kanuni ile ya haraka ikavunjika. Hiki kilikuwa kirusi, na bado wagonjwa waliozidiwa walikuwa na CRP ya zaidi ya 100 bila bakteria yeyote kuonekana. Mafua makali nayo yaliwahi kufanya hivyo kwa baadhi ya watu, lakini si kwa wingi wa namna hii, dunia nzima ikitazama. Ilionekana kwamba kwa wengi wa waliokufa, kirusi kiliwasha moto, lakini aliyeichoma nyumba ni mwenye nyumba. Kinga yao haikujua kuacha.

Machi 2020, wiki zilezile Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza, madaktari wa Wuhan walichapisha habari za wagonjwa 191 waliolazwa katika hospitali mbili. Kati yao 54 walikuwa wamekufa. Walipolinganisha waliokufa na waliotoka, umri ulijitokeza wazi. Pia ikajitokeza D-dimer, kipande kinachobaki damu iliyoganda inapoyeyushwa: waliofika hospitali nayo ikiwa zaidi ya mikrogramu 1 kwa mililita walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Limfosaiti, ambazo ni askari wa kinga, zilipungua kwa waliozidiwa. Feritini, ghala ya chuma ambayo nayo hupanda mwili unapowaka, ilipanda.

Nikiirudia karatasi ya mjomba naona historia hiyo yote imelala pale, mstari kwa mstari. D-dimer 2.1, mara mbili ya mpaka wa Wuhan. Kila mshale umeelekea kule ulikotabiriwa.

*

Wazee husema dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima wa kwetu anajua pia kwamba yapo mawingu yanayopita. CRP haisemi ni ugonjwa gani. Malaria huipandisha, na mjomba aliishi kando ya Ziwa, mahali ambapo malaria ni ya kila msimu. Jipu huipandisha. Upasuaji huipandisha. Kwa hiyo nambari inayosema jambo moja Oxford inaweza kuwa inasema mawili au matatu Kisumu.

Mwaka 2020 ulikuwa na njaa ya utabiri. Watafiti kila pembe ya dunia walitunga kanuni za kukisia nani atakufa kwa korona, na waliopewa kazi ya kuzikagua kanuni hizo waligundua kwamba karibu zote zilikuwa zimejengwa kwa haraka na hazikufaa kutumiwa kwa mgonjwa. Miongoni mwa zile chache zilizosimama ni moja iliyotoka Uingereza Septemba 2020, ikitokana na wagonjwa zaidi ya 35,000. Inaitwa 4C. Ina maswali manane na alama zisizozidi 21.

Nilipoipata nilichukua kalamu. Naomba unifuate hapa polepole, maana hapa ndipo nilipoelewa maneno ya yule daktari.

Umri wa miaka 60 hadi 69: alama 4. Mwanamume: alama 1. Ugonjwa mmoja wa kudumu, na mjomba alikuwa na kisukari: alama 1. Pumzi 30 au zaidi kwa dakika: alama 2. Oksijeni ya damu chini ya 92 kwa mia: alama 2. Akili zake zilikuwa timamu, kwa hiyo hapo ni sifuri. Jumla 10.

Sasa damu. CRP ikiwa 100 au zaidi: alama 2. Jumla 12. Kipimo kingine cha damu kinachohesabiwa ni urea, ya kupima figo, na hicho hakikuwemo katika vipimo nilivyolipia. D-dimer, feritini na limfosaiti hazimo kabisa katika hesabu hiyo.

Kundi la hatari kubwa linaanza alama 9 na kuishia 14. Mjomba alikuwa ndani ya kundi hilo kabla hajadungwa sindano. Baada ya sindano alikuwa ndani ya kundi lilelile. Kwa jumla, katika alama 21, ni 5 tu zinazotoka kwenye damu. Kumi na sita zilizobaki anaweza kuzipata mtu mwenye saa ya mkononi, kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, na uvumilivu wa kumuuliza mgonjwa miaka yake.

Kifaa hicho nacho kina historia yake. Msingi wake uliwekwa mwaka 1974 na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, ambaye alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima inagombania uvumbuzi wake madukani. Mwisho wa mwaka huohuo watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho huficha upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi, karibu mara tatu, kuliko kwa weupe. Mjomba kilimsomea 84. Huenda hali yake ilikuwa mbaya kuliko hiyo.

*

Kwa hiyo kipimo cha damu ni bure? Hapana. Ningekuwa mwongo nikiishia hapo.

Juni 16, 2020, watafiti wa Oxford walitangaza matokeo ya kwanza makubwa ya jaribio lao liitwalo RECOVERY. Deksamethasoni, dawa ya tangu miaka ya 1950, ya bei rahisi, miligramu 6 kwa siku kwa siku zisizozidi kumi, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Tazama mlango wenyewe ulivyokuwa: ili ujue nani apewe, hukuhitaji maabara. Uliuliza tu, anahitaji oksijeni?

Miezi minane baadaye, Februari 2021, ikaja ya pili. Tosilizumabu, dawa inayoziba masikio ya mwili yasimsikie yule mjumbe wa Osaka, na yenyewe ni zao la kazi ya Kishimoto. Wagonjwa 4,116 waliingizwa kwenye jaribio. Waliopewa, 31 kwa mia walikufa. Wasiopewa, 35 kwa mia. Ili uingie ilibidi uwe na mambo mawili: upungufu wa oksijeni, na CRP isiyopungua 75. Hapo mbiu ya Tillett na Francis ilikuwa imepata kazi kamili. Ilisema: huyu ndiye anayechomwa na moto wake mwenyewe, mzimieni.

Mjomba alikuwa na 148. Mlango ule wa pili angeupita mara mbili. Ila dawa iliyokuwa nyuma ya mlango huo ilikuwa ghali sana, na sijui mtu hata mmoja katika kaunti yake aliyeipata. Deksamethasoni alipewa, hiyo ilikuwepo, ya mia chache tu. Lakini wagonjwa wa Oxford walioponywa nayo walikuwa wakipumua oksijeni.

Hapo ndipo nilipoona jinsi mambo yalivyopinduka. Dawa ya maskini haikuhitaji kipimo. Dawa iliyohitaji kipimo haikuwa ya maskini. Na katikati yao kilikuwepo kitu ambacho zote mbili zilikichukulia kuwa kipo tayari, hewa ukutani, bomba unafungua tu. Mei 2021, mwezi mmoja kabla ya usiku wetu, jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa mahututi 3,140 wa korona kutoka hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo. Karibu nusu walikufa ndani ya siku 30. Wastani wa dunia ulikuwa chini ya theluthi. Damu yetu si tofauti kiasi hicho.

*

Nimeacha jambo moja hadi mwisho kwa sababu sikupenda kuliandika.

Saa kumi na mbili jioni ile, saa mbili kabla ya picha kunifikia, mkaza mjomba alinipigia simu. Yeye hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini amelea watoto sita na kuuguza wengi. Aliniambia, "Mwanangu, huyu mzee anapumua kama mtu aliyekimbizwa. Nimehesabu kwa saa ya ukutani. Thelathini na mbili." Akaniuliza kama kuna njia ya kupata mtungi. Alikuwa amesikia kuna mtu mji wa jirani anayekodisha, ila anataka dhamana ya Sh20,000.

Nikamwambia tusubiri majibu ya damu kwanza, ndiyo tujue tunapambana na nini.

Alikuwa keshaniambia. Thelathini na mbili ni alama 2, sawasawa na CRP ya 148. Yeye aliipata bure, saa mbili mapema, na mimi nikailipia Sh14,000 nithibitishiwe. Majibu yalipofika, pesa ya dhamana ilikuwa pungufu na kafyu imeshaanza. Tuliomba kwa jamaa usiku kucha, kila mmoja akatuma alichoweza. Mtungi ulifika saa nne asubuhi. Mjomba aliutumia siku mbili.

Sisemi kwamba angepona. Katika lile kundi la alama 9 hadi 14, hata Uingereza, wakiwa na kila kitu, karibu theluthi moja walikufa. Ninachosema ni kwamba nilikuwa nasubiri ishara wakati ishara iko kwenye simu inaongea nami, na niliidharau kwa sababu haikuja imechapwa. Wale madaktari wa bakuli waliuona utando wakafanya kisichofaa. Mimi niliambiwa pumzi nikafanya kile kile, kuchukua damu zaidi.

Karatasi ninayo bado. Binamu yangu aliniletea tulipokutana matangani. Nyuma yake kuna maandishi ya kalamu ya buluu, mwandiko wa mkaza mjomba, mkubwa na wa kulazimisha. Kumbe aliendelea kuhesabu usiku ule wote, kila baada ya saa moja, akiandika nyuma ya vipimo vyangu kwa kuwa hakuwa na karatasi nyingine. 32. 34. 34. 36. 38. Safu inashuka hadi chini kabisa, na nambari ya mwisho, ya saa tano asubuhi, saa moja baada ya mtungi kufika, ni 28.